Tunda Lililozikwa kwa Jina Langu

Nina kaburi langu Migori, nyuma ya nyumba ya marehemu baba, karibu na mihogo. Nalipalilia mwenyewe. Wageni wakiuliza ni la nani nawaambia ni langu, wanacheka, halafu wananitazama vizuri na kicheko kinakatika.

Nilikuwa askari wa miguu wa majini. Watu hawalielewi jambo hilo, wanadhani nilikuwa baharia. Baharia anakaa melini mwake. Sisi tulipelekwa kwa boti hadi karibu na ufuo, tukaruka majini na bunduki juu ya kichwa, kazi yenyewe ikaanzia nchi kavu. Mwaka jana wenzangu waliostaafu waliniomba niandike historia ya kikosi, kwa sababu miaka yangu ya mwisho nilikuwa karani na mwandiko wangu unasomeka. Nikakubali, mjinga mimi.

Kurasa za mwanzo niliziandika kwa raha. Nilieleza jinsi afisa mmoja alivyodhani kila Mjaluo amezaliwa na mapezi, akatupanga mstari wa mbele, kumbe nusu yetu tulitoka mbali na ziwa na hatukujua hata kuelea. Siku ya kwanza kwenye bwawa la mazoezi nilizama mara mbili. Aliyenivuta kwa ukosi wa shati alikuwa jamaa wa Ndhiwa ambaye naye hakujua kuogelea. Alisimama tu, bana, maji yenyewe yalikuwa ya kifuani. Alinicheka wiki nzima, na tangu hapo tukawa marafiki.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa waliokufa majini, kalamu ikagoma.

Niseme kwanza habari ya ubao. Penye ghala la maboti palikuwa na ubao wenye misumari. Kila anayetoka kwenda majini alitundika kibati chake cha jina, na akirudi alikichukua. Kibati kilichobaki jioni ndicho mtu aliyebaki majini. Wenye ghala hawakuangalia nyuso, waliangalia misumari. Basi tukawa na desturi yetu ambayo haimo katika kitabu chochote cha kanuni, tukiiita kushikiana zamu. Ukiwa na shida zako, rafiki mwenye ruhusa anakupa karatasi yake unaondoka nayo, naye anatundika kibati chako na kuingia botini badala yako. Hakuna aliyemchongea mwenzake, maana kila mtu alijua iko siku atahitaji kushikiwa.

Rafiki yangu huyo wa Ndhiwa alipata ruhusa ya wiki mbili. Nikamlilia aniachie. Wala sikuwa na msiba wala mgonjwa. Nilikuwa na mwanamke huko bara ya Kilifi, na mke wangu yuko Migori, basi ndivyo nilivyokuwa. Rafiki yangu alinitukana kidogo, akacheka, akachukua kibati changu.

Alfajiri ya siku ya tatu walitoka wawili, yeye na askari mwingine, katika boti ndogo, ile inayokaa nyuma kuokota anayeanguka. Boti ilirudi yenyewe imepinduka. Yule mwenzake alipatikana kesho yake kwenye mikoko, amekufa. Rafiki yangu hakuonekana, wala hajaonekana hadi leo. Kwenye ubao vilibaki vibati viwili, cha yule mwenzake na changu.

Nilikuwa nimezima simu ili mke wangu asinipate. Kwa hiyo habari zikafika Migori kwamba nimekufa maji na mwili haupo. Kwetu mtu aliyekosa mwili hazikwi hivi hivi. Hutafutwa yago, lile tunda refu na zito la mwegea, likaliliwa na kuzikwa mahali pa mtu. Walingoja zaidi ya wiki, wakachimba kaburi, wakamlilia yago kwa jina langu.

Niliporudi kambini nilikuta nimeshakufa. Hapo ndipo ningesema kweli, na sikusema. Kushikiana zamu kungenifunga jela. Nikadai nilikuwa mgonjwa nimelala mjini, na kibati nilikisahau msumarini tangu jana yake. Wakaandika kwamba boti ilitoka na mtu mmoja, kinyume cha amri. Marehemu akabeba lawama ambayo haikuwa yake. Ruhusa ya rafiki yangu ilipokwisha na hakutokea, wakamwandika mtoro. Polisi wa jeshi wakaenda Ndhiwa, wakapekua nyumba ya mama yake hadi chini ya kitanda. Watatu kati yetu walijua. Wote walinyamaza, na mimi niliyestahili kusema ndiye niliyenyamaza kuliko wote. Najichukia kwa hilo, sina haja ya kulizungushia maneno.

Nyumbani baba alinizuia langoni. Alisema mtu aliyekwisha kuliliwa hapiti tena mlango wa watu walio hai. Akakata ua kwa nyuma, nikaingia kwa magoti. Mama alinilisha kwa mkono wake huku akitazama pembeni. Yawa, hujawahi kula chakula kichungu namna ile! Tangu siku hiyo mbwa hawanibwekei. Mbwa wa jirani, wa sokoni, hata wale wakali wa Kehancha wanaolinda ng'ombe, wananipisha tu kimya.

Sasa nikiwa na ukurasa huo mezani, simu ikalia. Alikuwa mama wa rafiki yangu. Hatukuwa tumezungumza hata siku moja.

"Nasikia wewe ndiye unayeandika kitabu cha askari," akasema kwa Kijaluo. "Njoo Ndhiwa. Nataka kukuuliza jambo la mwanangu, na sina siku nyingi."

Nilifika saa sita mchana, jua limesimama. Alikuwa barazani akimenya njugu, amekonda, mikono mifupa mitupu. Mbwa wake aliniangalia akarudi kulala. Lango lilikuwa wazi, na chini yake nyasi zilikuwa zimeota kuzunguka mguu wa mlango, ishara kwamba halijafungwa miaka mingi.

"Waliniambia mwanangu ni mtoro," akasema. "Nikafurahi! Ebu fikiria, mama anafurahi mwanawe ni mtoro. Mtoro hurudi. Ndiyo maana sifungi lango. Lakini hospitalini Homa Bay wameniambia nirudi nyumbani nipumzike, na kupumzika kwao nakuelewa. Nyathina, mwanangu wewe, nataka kujua kitu kimoja kabla sijaenda. Niendelee kungoja, au nizike?"

Akaendelea kumenya.

"Nauliza kwa sababu anakuja. Saa kama hii. Anasimama pale langoni, nguo zinachuruzika maji. Namwita aingie ndani ale. Ananiambia hawezi kuingia, yeye ameshazikwa Migori."

Migori! Nilitazama langoni na sikuona mtu. Udongo pale, katikati ya kiangazi, ulikuwa na doa jeusi la unyevu, pana kiasi cha miguu miwili ya mtu mzima. Huyu mama hakujua lolote kuhusu yago wetu. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Nikapiga magoti, nikamwambia yote, ubao, kibati, boti, uongo wangu. Nililia kwa sauti, mzee mzima. Yeye hakulia. Alimaliza njugu zilizobaki kwenye ungo, akapangusa mikono.

"Basi mmemzika kwa jina la mtu mwingine," akasema. "Nendeni mkamtoe. Mniletee."

Nilichimba na kaka yangu, mchana pia, maana hakuna kati yetu aliyethubutu kungoja giza. Ardhi ilikuwa kavu, jembe likilia kwenye mawe. Tulipofika kina cha kifuani udongo ukalainika, ukawa tope, kisha maji yakaanza kutoka chini ya miguu yetu. Kaka alisema labda ni chemchemi. Nikalamba kidole. Lo! Yalikuwa maji ya chumvi. Nimeyanywa maji hayo miaka mingi, siwezi kukosea. Nilipomwambia kaka, alitoka shimoni bila ngazi, yeye na kitambi chake, na hakurudi tena mle ndani.

Yago nilimpata peke yangu. Tunda lililokaa ardhini miaka yote hiyo lilipaswa kuwa vumbi. Lilikuwa zima, limelowa, zito kupita nilivyotarajia. Nilipolibeba kifuani niliongea nalo. Nilisema samahani, nikasema twende kwa mama. Kaka aliyasikia maneno yale kutoka juu na hajaniuliza habari zake hadi leo.

Tulifukia kaburi tupu, tukalifunga tunda blanketi, tukalipeleka Ndhiwa nyuma ya pikapu. Majirani walikuwa wamejaa. Mama alisimama langoni amejishikilia kwenye nguzo. Tulipokaribia alisema, "Ingia sasa, umechelewa," kama anavyoambiwa mtu aliyetoka sokoni, na wanawake wakapiga yowe ambalo sijapata kulisikia. Tukapita langoni. Walimlilia kana kwamba amekufa asubuhi hiyo. Kabla ya machweo tulikuwa tumemzika upande wa nyumba yake, mahali ambapo pangekuwa pake.

Ukurasa wa waliokufa majini nimeuandika upya. Jina lake limo, na kando yake nimeandika kwamba alikufa katika zamu yangu, na kwamba mwenzake wa botini hakuvunja amri yoyote. Wenzangu wanataka niutoe, wanasema naharibu sifa za kikosi. Wakitaka kitabu bila ukurasa huo watafute karani mwingine.

Lakini siku ile ya maziko, watu walipotawanyika kwenda kula, mama aliniita pale kaburini. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, udongo mbichi mikononi. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari, ningeona afadhali.

"Yule mwanamke uliyemfuata," akasema, "ulimwoa?"

"Hapana, mama."

"Mlikaa naye sana?"

"Ilikuwa ni ile wiki mbili tu."

Akatikisa kichwa polepole. Alikuwa akiniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kumfahamu mkwe.

"Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nilitafuta jina lile, nikalitafuta tena, nikaona nyumba, nikaona mkeka, nikaona hata rangi ya kanga yake. Jina halikuwepo.

"Silikumbuki, mama," nikamwambia.

Akajipangusa udongo mikononi. Kisha akasema haya, niende nikale kabla nyama haijapoa.