Mwenye Jembe Aliyemuulizia Mfalme wa Gunia

Sina kipaji cha kutunga. Ningekuwa nacho, ningetunga kisa ambacho ndani yake mimi ni mtu mwema. Haya yalitokea kwetu Kanoni, wilaya ya Karagwe, msimu uliopita wa kahawa. Waliokuwepo wapo, na ukifika watakuonyesha mahali penyewe.

Tuna bendi yetu, Wafalme wa Gunia. Tuko wanne. Mugisha anaimba, Deo anapiga gitaa, Koku, ambaye ni msichana, anapiga ngoma, na mimi napiga kinanda. Mugisha alikulia kwenye kanda za mjomba wake, zile za miziki ya zamani ya Wazungu wenye nywele ndefu, magitaa yanayolia na mavazi ya kumetameta. Akasema na sisi tufanye hivyo, ila kwa Kiswahili na Kinyambo, na mavazi tushone kwa magunia ya kahawa. Kwa hiyo kila onyesho letu ni muziki na mchezo pamoja. Tunajipaka nyuso rangi nyeupe, tunavaa mataji ya makopo, watu wanacheka, kisha wanacheza. Mimi nilipenda ile rangi kuliko kitu chochote. Nina aibu sana. Na hata nikiwa na rangi usoni, nilikuwa napigia nyuma ya pazia.

Wimbo wetu mkubwa ni wa mfalme anayekufa, na Mugisha ndiye mfalme. Anaanguka, anafunikwa shuka, Koku analia, kisha gitaa la Deo linamwita na mfalme anafufuka.

Bibi yangu alinipa rubugo lake limfae mfalme. Rubugo ni nguo ya gome la mti, na wazee wa kwetu huiweka ya kuzikiwa. Nilishangaa anavyonipa huku anacheka.

"Chukua, mimi sifi kesho," alisema. "Lakini avae begani tu. Usithubutu kumfunika nalo mtu mzima mkamlilia. Umesikia?"

Nilisikia.

Siku hiyo tulipiga Kanoni, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, jua likianza kuzama. Kabla ya kuanza, Deo akapekua mabegi na kusema shuka tumelisahau Kituntu, tulikopiga jana yake.

"Tutamfunika na hili vazi lake," akasema Koku. "Kuna ubaya?"

Wote wakanitazama, maana vazi lilikuwa la kwetu. Nikatikisa kichwa kwamba hakuna. Niamini, maneno ya bibi yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini watu walikuwa wamejaa, Mugisha alikuwa na haraka, na mimi ni mtu wa kutikisa kichwa.

Basi mfalme akaanguka, wakamfunika rubugo. Koku akaanza kulia. Kina mama waliokuwa mbele wakamwitikia kwa utani, na wengine nyuma wakapokea. Unajua wanawake wa kwetu wanavyojua kulia msiba? Mara ikawa si utani tena. Ukiwa mbali ungesema kijiji kimefiwa.

Ndipo nikahisi kuna mtu nyuma yangu.

Alikuwa mzee mwembamba, ametokea kwenye mibuni, jembe begani. Miguu ilikuwa na udongo mbichi hadi magotini. Ilikuwa kiangazi, ardhi imekauka kama tofali. Mbichi wa wapi?

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Mzee wa kwetu hata akuchukie vipi, marahaba atakupa. Huyu alisema kwa Kinyambo, "Tumemaliza kuchimba. Mnamleta saa ngapi?"

Nikadhani ni mchezo wa Mugisha, maana anapenda kutushtua. Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Hajafa. Ni maigizo. Hapa hakuna msiba. Yalikuwa magumu gani hayo? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Lakini mzee alikuwa ananitazama, na vidole vyangu vilikuwa kwenye kinanda, nikajibu ninavyojibu siku zote ninapotaka mtu aniache.

"Baadaye, mzee."

Akasogeza pazia kidogo, akamwangalia Mugisha pale chini.

"Mrefu huyu," akasema. "Tutaongeza kidogo." Akarudi kwenye mibuni.

Gitaa la Deo likamwita mfalme. Hakuamka. Deo akaita tena, watu wakicheka. Mara ya tatu Mugisha akainuka anakohoa, na akatema udongo. Watu wakapiga makofi. Uwanja ule ni wa saruji.

Tulipokuwa tunanawa rangi nikawaeleza.

"Ukamjibu baadaye?" Koku akacheka mpaka akakaa chini. "Bwana Baadaye!"

"Mzee gani?" Mugisha aliuliza. "Mimi sijampanga mzee yeyote." Hakucheka.

Asubuhi mama yake Mugisha alikwenda kukata ndizi nyuma ya nyumba yao, nasi majirani tukasikia anapiga yowe. Katikati ya migomba kulikuwa na kaburi, limechongwa vizuri, halina mtu. Upande wa miguuni ulionekana kuongezwa.

Baba yake alisali, akashika sepetu alifukie. Bibi yangu akamzuia.

"Kaburi halifukiwi tupu, mwanangu. Lipe kitu badala ya mtu."

Akaagiza mgomba mchanga ung'olewe na tunguu lake la mizizini, akauviringisha kwenye rubugo lile lile, nguo yake ya kuzikiwa, ukashushwa. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote.

"Nilikuambia begani tu."

"Ndiyo, bibi."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Haya, sasa lia. Kwa sauti, wakusikie."

Nikalia. Bila rangi, bila pazia. Na sikuwa naigiza.

Bendi bado inapiga, ila wimbo wa mfalme tumeuacha. Jina la Baadaye limenikaa, na Mugisha ndiye anayeliita zaidi. Ananitania kama zamani, na kila akinitania natamani angenipiga.

Maana ule mgomba uliota. Tuliuzika chini kabisa, lakini chipukizi likatokea, na limekua upesi kuliko migomba yote ya pale. Sasa limetoa mkungu. Wewe unayelima ndizi unajua mgomba unazaa mara moja tu, na mkungu ukikomaa mgomba wote unakatwa. Mugisha anasema hakuna atakayeugusa, utaozea pale pale. Nami naitikia.

Lakini wiki iliyopita tulipokwenda kuutazama, tulikuta mkungu umekuwa mzito na mgomba umeinama, na kuna mtu ameutegemeza kwa mti wenye panda ili usianguke kabla ya kukomaa. Tumeuliza nyumba nzima, tumeuliza majirani. Hakuna aliyeuweka. Chini ya ule mti udongo ulikuwa mbichi.

Siku hizi kwenye maonyesho sikai tena nyuma ya pazia. Nimegeuza kinanda, natazama mibuni na migomba, na jibu nimelifanyia mazoezi kama wimbo. Sijui kama litamsaidia Mugisha, maana nilikwisha kumwahidi yule mzee kwamba tutamleta. Lakini wewe hujaahidi kitu. Mtu usiyemjua akija na jembe, ukamwamkia asiitikie, akakuuliza habari za mtu aliye hai, usione haya kama mimi. Usimwambie subiri, usimwambie baadaye. Mwambie hapa hakuna msiba, na umwambie kwa sauti kubwa hata kama watu wote watageuka kukutazama.