Kiti cha Kinyozi Ndani ya Kiatu

Siku kinyozi alipoleta kile kigari nyumbani, mtaa mzima ulikuwa na la kusema, na watu wa mtaa ule wakipata la kusema hawalali nalo. Kilikuja kikiburutwa kwa kamba nyuma ya lori la mchanga. Kilikuwa kidogo, cha milango miwili, rangi yake ya chai ya maziwa imebabuka, na sakafu imeliwa na kutu kiasi kwamba ungeweza kuketi ndani ukaona sisimizi wakipita chini. Kabla hakijafika getini kilikwisha kupewa jina: Kiatu.

"Mzee Denge, cha pili umekiacha wapi?" aliuliza jirani mmoja, na wenzake wakavunjika mbavu.

Denge ni jina ambalo kinyozi alipewa na wateja wake, kwa sababu bango la kibanda chake lilikuwa na picha ya kichwa kilichonyolewa denge, mtindo ambao hakuna mteja aliyewahi kuuomba. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole vyepesi na tumbo lililoanza kumtangulia. Alikisukuma Kiatu mpaka uani, akakiegesha kati ya kamba za nguo na banda la kuku, kisha akaenda kumwita mkewe aje aone.

Mkewe alitoka na fimbo. Mwaka uliopita aliteleza kwenye ngazi za soko akiwa na robota la vitambaa begani, goti la kulia likavunjika, na lilipopona likapona vibaya, likagoma kukunjika. Kutembea alitembea, taratibu. Kupanda gari ndiko kulikomshinda, maana magari hayakutengenezwa kwa mguu usiokunjika. Siku aliyotoka hospitali walimnyanyua watu wanne, huyu kwapani, yule miguuni, wakamshusha kwenye teksi kama gunia la mkaa, na pale mbele ya nyumba, macho yote yakiwa kwake, nguo ikamfunguka. Mwanamke ambaye sokoni aliweza kuwanyamazisha wachukuzi kwa sauti yake tu, siku ile alilia kwa haya. Alipofuta machozi alisema, "Sibebwi tena." Na tangu hapo hakuvuka geti.

Meza yake ya vitambaa ilishikwa na mdogo wake. Lakini mdogo mtu naye alikuwa na kazi yake, na sasa mwenyekiti wa soko alikuwa ametuma salamu chungu: mwenye meza asipoonekana mezani hadi mwisho wa mwezi, meza atapewa mwingine. Mke wa kinyozi aliipokea habari ile akiwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi, na mumewe akaona hilo, akaumia sana.

"Nimekiona," mkewe alisema sasa, akikigonga Kiatu ubavuni kwa fimbo. "Haya, mimi naingiaje humo, mume wangu? Hata kuku hapati pa kujinyoosha."

"Utaingia mwenyewe. Hakuna atakayekugusa."

"Kwa uchawi gani?"

"Wewe nipe nafasi tu, mama watoto. Tazama mlango huo ulivyo mpana."

Watu walikuwa wameona kutu. Yeye alikuwa ameona mlango. Gari la milango miwili hufungua kinywa kikubwa, na kwa kinywa kile Denge alikuwa na mpango. Ulimjia kibandani. Mzee mmoja mwenye mgongo mbovu alikuja kunyolewa, akaketi kiti kikiwa kimetazama nje, na Denge akakizungusha polepole mpaka mzee akajikuta anajitazama kwenye kioo, hajaguna wala hajakunja uso. Denge alibaki na mashine mkononi, kinywa wazi, mpaka mzee akamuuliza kama leo ananyolewa au anatazamwa.

Kibanda kilikuwa na viti viwili. Kimoja cha plastiki, kipya, kisichogeuka vizuri. Cha pili kilikuwa cha chuma, kizito, kilichopakwa rangi nyeupe na sasa kina makovu, nacho kiligeuka bila kelele na kujifunga popote ulipotaka kwa kuvuta kipini. Kilikuwa cha marehemu baba yake. Denge alijifunza kunyoa akiwa amesimama nyuma ya kiti kile, na watu wazima wenye mvi walikikumbuka tangu wakiwa watoto wanaolia wakiona mkasi.

Hicho ndicho alichotaka kukifunga ndani ya Kiatu, akakipeleka kwa jirani wa kibanda chake, fundi wa kuchomelea, ambaye kwa kazi yake walimwita Cheche.

"Nikate kiti cha mzee wako?" Cheche aliuliza, miwani ya giza imekaa kwenye paji la uso. "Hiki hiki? Denge, kichwa kimekupata nini?"

"Kata mguu wake. Niachie sehemu ya kugeuka."

"Mimi nilinyolewa humu nikiwa na meno ya utoto."

"Kata ndugu yangu, kabla sijabadili mawazo."

Cheche akashusha miwani, akakata. Denge aligeukia ukutani akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Baada ya hapo kazi ilianza kweli. Kila jioni baada ya kufunga kibanda, na Jumapili kutwa, uani kulilia nyundo. Cheche alikata sakafu yote iliyooza, akachomelea bamba nene la chuma, maana kiti kile hakikuwa cha kuwekwa juu ya kutu. Injini ilikuwa na nafuu kuliko bodi. Denge alipewa mafunzo ya haraka, akaambiwa shika hapa, fungua pale, naye akafanya kazi ile kwa namna yake. Plagi alizisafisha kwa brashi ya kutolea nywele kwenye mashine. Kabureta aliifungua juu ya taulo jeupe la wateja, akapanga vipande vyake mstari mmoja kama anavyopanga nyembe. Cheche alimtazama akatikisa kichwa.

"Usije ukaipaka poda," alisema.

Breki ziliwekwa mpya, matairi nayo. Mkewe hakutaka kuonekana ana hamu, lakini alishona foronya nzito ya kiti kwa kitambaa cha maua makubwa mekundu, akaipeleka uani akaitupa juu ya bodi bila neno. Denge alijua maana yake. Usiku ule alikoroma kwa raha.

Siku ya kujaribu ilifika. Denge alikuwa amepima kiti kwa uangalifu mkubwa: mkewe aliketi, yeye akasimama nyuma yake, akapima kutoka kiti hadi kisogo, kutoka kisogo hadi utosi, akaacha nafasi ya kilemba juu. Majirani walisimama ukutani, maana habari haikufichika. Kiti kikageuzwa kutazama nje. Mkewe akageuka, akajishusha taratibu, akaketi. Mwenyewe! Hakuna aliyemgusa. Watu wakaanza kupiga makofi.

"Sasa geuza," Denge alisema, roho juu.

Mkewe akavuta kipini. Kiti kilizunguka kwa ulaini wake wote wa zamani, kisha, kwa! Wayo wa mguu ulionyooka uligonga nguzo ya mlango. Wakajaribu tena. Kwa! Wakarudisha kiti, wakaupandisha mguu, wakaushusha, wakamwambia ajilaze. Mguu haukupita. Alibaki pale, nusu ndani nusu nje, mguu umetokeza mbele ya watu, na makofi yakafa mojamoja.

Jamani, ni kosa ambalo kinyozi peke yake angeweza kulifanya! Maisha yake yote alikuwa amewatazama watu kwa nyuma. Angeweza kumtambua mteja kwa kisogo katikati ya umati, lakini miguu ya mteja kwake ilikuwa kitu kilicho chini ya shuka, hakimhusu.

"Mume wangu," mkewe alisema kwa sauti ya chini, "umenipima kichwa. Kichwa changu hakikuvunjika."

Akashika fimbo, akainuka mwenyewe, akaingia ndani, akafunga mlango.

Denge aliketi juu ya ndoo akashika tama. Kiti cha baba yake kilikuwa kimekatwa na mwezi ulikuwa unayoyoma. Cheche akaondoka na mitungi yake ya gesi. Siku mbili Kiatu kilikaa na mlango wazi, na hakuna aliyekigusa.

Siku ya tatu asubuhi mkewe alitoka kuokota mayai. Kuku wake mmoja mkaidi, mwekundu, alikuwa amehama bandani tangu gari lifike, akahamia kwenye kiti cha zamani cha Kiatu, kile cha abiria ambacho Denge aliking'oa na kukitupa chini ya kamba za nguo. Huko ndiko alikotagia. Mama watoto akamwambia aondoke, kuku akamtazama kwa jeuri. Akamsukuma kwa fimbo. Fimbo ikateleza, ikabonyeza kipini kilichokuwa chini ya kiti, na kiti kikaserereka nyuma juu ya reli zake, kuku akiwa juu, shingo imesimama wima.

Mama alikisukuma mbele tena. Kikaenda. Akakivuta nyuma. Kikarudi, kuku akipiga kelele sasa. Ndipo alipopaza sauti ile ya sokoni, ambayo haikuwa imesikika mwaka mzima.

"Baba watoto! Njoo uone kuku wako anavyoendesha!"

Denge alikuja mbio, povu la kunyolea likiwa bado shavuni. Alitazama kiti, akatazama reli, akatazama mlango wa Kiatu.

"Kirudi nyuma kwanza," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Halafu ndiyo kigeuke."

"Mguu upite mbele ya nguzo bila kugusa," mkewe alisema. "Kiti cha nyuma utakitoa. Nani atakaa huko? Hatuna mtu wa kumbeba."

Alipolisikia neno lile limemtoka mwenyewe, akaanza kucheka, na Denge akacheka, wakashikana pale kati ya nguo mbichi wakicheka mpaka kuku akaona afadhali ahame.

Cheche aliitwa hata chai hajamaliza. Reli zikang'olewa, zikarefushwa, zikachomelewa kwenye bamba, na juu yake kikakaa kiti cha chuma. Safari hii Denge alipima akiwa amepiga magoti mbele ya mkewe, kutoka nyonga hadi ncha ya kidole gumba, akapima na kurudia mpaka akaambiwa basi, unanitekenya. Mkanda wa usalama ukafungwa kwenye bodi. Mkaguzi wa magari alipokiona kiti alikaa humo yeye mwenyewe, akateleza nyuma, akageuka, akateleza tena, na akahitaji kukumbushwa kwamba yuko kazini. Alitingisha kila bolti, akaridhika, akasaini.

Asubuhi ya soko, siku ya mwisho kabisa ya mwezi, Kiatu kilitoka getini kikinguruma. Kilitoa moshi kidogo, sikatai. Lakini kilikwenda.

Mdogo mtu alikuwa ameandaa mambo kwa wema wake wote. Alikuwa amewasimamisha wachukuzi wawili wenye vifua vipana, na blanketi la kumstiri dada yake. Mwenyekiti wa soko alisimama kando, mikono nyuma, ametega jicho kwenye meza.

"Amefika! Haya, kaka zangu, mshikeni vizuri!" mdogo mtu alipaza sauti.

Kioo kikashuka.

"Anayetaka kuvunjika mkono anisogelee," sauti ikasema. "Nimesema sibebwi."

Wachukuzi wakarudi nyuma kama enzi zile. Mlango ukafunguka wote. Mama akavuta kipini cha chini, kiti chenye maua mekundu kikaserereka nyuma. Akavuta kipini cha pili, kikageuka bila kelele. Mguu ulionyooka ukapita mbele ya nguzo, ukatokea nje wa kwanza kwa maringo, na viatu amevipiga rangi. Kiti kikajifunga: ta! Akakita fimbo chini, akainuka. Akasimama.

Kisha muuza vitunguu mmoja akapiga kigelegele, na soko zima likamfuata, wachukuzi wakiwa wa kwanza kwa kelele. Mdogo mtu alibaki amelikumbatia blanketi lake, machozi yanamtiririka. Mwenyekiti alikohoa, akasema karibu tena mama, akakumbuka ana shughuli upande mwingine.

Denge alikuwa amezunguka gari mbio na kunyoosha mkono wa kumshika, kama alivyozoea mwaka mzima. Mkono ukabaki hewani.

"Wewe hujaenda kazini?" mkewe alimuuliza. "Utanifuata jioni, nikishauza. Usije mapema."

Akamgusa shavu mara moja tu, akageuka akaenda zake kati ya meza, fimbo ikigonga sakafu, tayari anauliza kwa sauti kubwa ni nani amekunja vitambaa vyake namna ile. Kinyozi alisimama kando ya Kiatu akamtazama. Visogo vyote alivyopata kuviona maishani, vilikuwa vimeketi vinamsubiri. Hiki kilikuwa kinatembea, kinakwenda mbali naye, kilemba kimekaa sawasawa, na hakikugeuka nyuma hata mara moja. Alilia mbele za watu bila haya, kisha akaingia garini akaenda kufungua kibanda.