Nilivyongojea "Good Evening" Ifike Nikiwa Nyuma ya Fensi ya Baba Mkwe

Wakuu, mko aje leo? Hii nawapa vile ilivyokuwa, hata mahali ninapoaibika sijaruka.

Mimi ni wa Lurambi. Mwaka jana mpenzi wangu Ayuma aliniambia niende kwao Khwisero nijitambulishe kwa babake, mzee aamue kama nitamwoa ama niachane naye. Mzee mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza.

Ayuma akanionya mapema. Kuna jamaa alienda kumposa dadake mkubwa, akafika saa moja jioni, akaingia na "Good night, sir!" Mzee akajibu "Good night," akachukua tochi, akamsindikiza mpaka getini. Dada akaolewa kwingine.

Sasa fikirieni mimi, mtu wa D ya Kiingereza.

Nilipanga kufika saa nne asubuhi, kwa sababu hapo "Good morning" haina maneno. Lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara, boda ikapata pancha mara mbili, nikafika getini saa kumi na moja kasoro.

Nikakwama hapo. Hii ni afternoon ama ni evening?

Nikamuuliza mtu wa boda. "Boss, jua bado liko, hiyo ni afternoon. Lakini ng'ombe wanarudi nyumbani, hiyo ni evening." Akawasha pikipiki akaenda zake. Shenzi, msaada gani huo?

Google nayo, network hakuna.

Nikaamua nitangoja nje mpaka iwe evening isiyo na ubishi. Nikajibanza nyuma ya fensi, nachungulia kuku wakienda kulala. Wakiisha kuingia wote, naingia na mimi.

Kumbe mama jirani alikuwa ananiangalia muda wote huo.

"Mwizi wa kuku! Mwizi!"

Wakuu, kwetu watu hawachezanga na ingokho, yaani kuku. Nilishikwa shati, nikaletwa mbele ya mzee na matope mpaka magotini, sukari niliyobeba imemwagika yote.

"Kijana, ulikuwa unangoja nini kwa fensi yangu?"

"Nilikuwa nangoja jioni iingie, mzee."

"Si mnasikia? Amekubali mwenyewe!" mama jirani akapiga kelele. Ayuma alikuwa mlangoni, amejifunika uso na leso.

Hapo nikatoa yote. Yule jamaa wa "Good night", D yangu, boda, kuku. Nikamaliza, "Mzee, niliogopa kukosea salamu. Ukinifukuza, mwingine kama Ayuma nitamtoa wapi?"

Mzee akacheka mpaka akavua miwani.

"Wewe si Mluhya?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mulembe yako ulikuwa umeiacha Lurambi?"

Mulembe tunasalimianga asubuhi, mchana, jioni, wakati wowote, na mimi nilikuwa karibu kupigwa kwa sababu ya saa.

Nililetewa obusuma, ugali wetu, na ingokho iliyoningoja tangu asubuhi. Mama jirani ndiye alininawisha mikono, hata machoni hataki kuniangalia.

Funzo nililopata: kwa mtu wenu, ingia na salamu ya kwenu.

Mwezi ujao narudi na wazazi kupeleka mahari. Lakini nyinyi mliosoma, niambieni tu: saa kumi na moja kasoro ni afternoon ama evening? Baba yangu anataka kuhutubia kwa Kiingereza.