Nilivyobishana Bei na Daktari wa Akili

Andika, mjukuu wangu Neema, wala usicheke kabla sijamaliza, kwa maana aibu hii ni yangu na nataka niisimulie mwenyewe kabla majirani zetu wa jengo la Tianxiu hapa Guangzhou hawajaitia chumvi.

Korona ilipoutoka mwili wangu ilibaki kichwani. Nilikuwa nikisimama dukani katikati ya mabunda ya jinzi nisijue nilifuata nini. Mteja wa miaka mingi hunisalimu, jina lake lisinijie, naye huondoka akidhani nina majivuno. Mmoja mmoja wakaacha kupita. Baba yako akapiga simu kutoka Dar es Salaam, akasema nipimwe, na ikionekana akili imepungua, duka lifungwe nirudishwe nyumbani.

Tulipofika hospitali nikakuamuru ubaki nje (bibi hapimwi akili mbele ya mjukuu wake), na uamuzi huo mdogo ndio ulioniponza. Daktari, binti mpole mwenye barakoa, aliniuliza maswali kwa simu yake iliyotafsiri Kiswahili kama mlevi. Akanitajia maneno matano niyashike. Punde nikawa nimebaki na neno moja tu, kengele. Akanipa kalamu nichore saa, mimi ambaye hata sahihi yangu ni dole gumba. Kisha simu ikazimika.

Akaandika 17 kwenye karatasi, akanisogezea. Sasa, kusoma sijui, lakini tarakimu nazijua, na tangu nifike Guangzhou hakuna aliyewahi kunisogezea tarakimu isiyokuwa bei. Nikamwambia "tai gui", yaani ghali mno, nikaandika 10. Akashangaa, akaigusa tena 17 yake. Nikapanda hadi 12, nikamwonyesha na kiatu changu kilichochakaa ili anihurumie. Alipotikisa kichwa nikachukua mkoba, nikatoka polepole kama tufanyavyo sokoni, nikisubiri kuitwa.

Niliitwa kweli, ila na wauguzi, wakidhani nimechanganyikiwa. Foleni nzima ikasimama kumtazama mwanamke mzima ameshikwa mikono huku na huku, naye bado anashikilia kumi na mbili yake. Ndipo ukaja mbio.

"Bibi, hiyo si bei, ni alama zako. Umepata kumi na saba katika thelathini."

"Yaani nilikuwa naomba nipunguziwe akili?"

"Ndiyo, bibi. Mpaka kumi."

Daktari alicheka hadi akafuta macho, kisha akaeleza kupitia kwako kwamba kipimo kile kimetengenezwa kwa ajili ya waliosoma, hivyo hakiwezi kunihukumu peke yake. Nirudi nipimwe upya. Akauliza jambo moja la mwisho: wewe ukiwa chuoni, kutwa nazungumza na nani? Nikatafuta jina, na safari hiyo sikuwa nimesahau. Halikuwapo.

Mwambie baba yako madaktari bado hawajaamua. Nami naapa sitaingia tena chumba kile peke yangu. Utaketi karibu nami, Neema, kwa kuwa ni afadhali unione nikisahau kuliko nisahau pasipo wa kuniona.