Kiwiko cha Bwana Sostenes

Ukitaka kugombana na Ruthu Chidawali, mshike mkono bila kumwuliza. Atasimama palepale, hata kama ni katikati ya barabara na pikipiki zinapiga honi huku na huku, akusomeshe. Asiyeona hashikwi, yeye ndiye anayeshika. Anakushika kiwiko, wewe unatangulia nusu hatua, naye anafuata, na mnakwenda anakotaka yeye. Hayo alifundishwa Buigiri, shule ya wasioona, akiwa bado mtoto wa darasa la kwanza, pamoja na kusoma nukta nundu na kufua soksi zake mwenyewe. "Anayeburutwa ni mbuzi," huwaambia watu. "Na hata mbuzi hugoma."

Anakaa mtaa wa Kikuyu, chumba na sebule, na kazi yake ni opareta wa simu katika halmashauri moja ya huku kwetu. Jina la ofisi silitaji, maana korido zote za serikali zinanukia chai ileile. Zamani swichibodi yake ilikuwa hailali. Siku hizi kila bosi ana simu mbili mfukoni, moja ya watu na moja ya siri, na swichibodi ikilia mara nyingi ni mtu aliyekosea namba. Ruthu anamsalimia vizuri mtu huyo, anamwuliza habari za huko aliko, kisha anarudi kwenye ukimya wake. Shahada yake ya maendeleo ya jamii imetundikwa kwa mama yake Chamwino, juu ya kabati la vyombo, na mama huipangusa vumbi kila Jumamosi.

Mtu mwenye shahada aliingiaje kwenye swichibodi? Hapo ndipo penye kisa, na kisa hicho kinaniudhi hata mimi ninayekisimulia.

Alipomaliza chuo aliomba nafasi ya Afisa Maendeleo ya Jamii katika ofisi hiyohiyo. Akaitwa kwenye usaili. Asubuhi ile alikaa kwenye benchi la korido na wenzake, fimbo yake nyeupe imelala magotini, akijikumbusha jinsi kikundi cha akina mama kinavyoundwa na kwa nini huvunjika. Akaja kijana mmoja wa ofisini, Sostenes, sauti laini, akamshika mkono. "Dada, njoo huku. Zamu yako imefika." Ruthu, kwa wasiwasi wa siku ile, akasahau mafunzo yote ya Buigiri na akafuata. Akaketishwa, akawasalimia wazee waliokuwa mbele yake, akangoja swali.

"Simu ikilia huku unazungumza na simu nyingine," mzee mmoja akauliza, "utafanyaje?"

Alidhani ni utani wa kumtoa woga. Haukuwa utani. Alikuwa amepelekwa chumba cha waopareta. Sostenes alikuwa ameipitia karatasi yake akaona Buigiri, akatazama benchi akaona fimbo, akamwonea huruma. Kwa maafisa watu walikuwa wengi, wenye macho yao. Kwa waopareta angepata bila jasho. Na kweli alipata. Baba yake alikuwa amefariki, mdogo wake Denis alikuwa bado shuleni, na nyumbani uwele ulikuwa umekauka shambani mwaka wa pili mfululizo. Akaichukua kazi. Watu wakampongeza, na kanisani wakamwimbia.

Sostenes sasa ni afisa utumishi mwenye kitambi na miwani, na mpaka leo akipata mgeni humpeleka kwenye mlango wa swichibodi na kusema, "Huyu dada nilimsaidia mimi." Ruthu humjibu kwa tabasamu la kazini. Lakini moyoni anachemka. Mwizi utampeleka polisi. Aliyekusaidia vibaya utampeleka wapi? Ameshaomba kubadilishiwa kada, akajibiwa asubiri kibali. Kibali hicho nadhani kinakuja kwa miguu kutoka Bukoba.

Jumapili, baada ya ibada, Ruthu huenda kwa Mwamvua. Mwamvua ni mwanamke wa Kondoa, mwenye mdomo na duka la steshenari jirani na stendi ya bodaboda pale Kikuyu, na kazi yake kubwa ni kuwajazia vijana maombi ya ajira. Simu ya Ruthu humsomea matangazo yaliyopigwa chapa, kwa Kiswahili cha ajabu kana kwamba mzungu ameng'atwa ulimi. Ila ofisi nyingi hupiga picha karatasi yenye muhuri na kuituma hivyohivyo, na kwenye picha simu huwa bubu. Hayo husomwa na Mwamvua, kwa manung'uniko.

"We mwanamke, kazi unayo, matangazo ya nini kila wiki?" Mwamvua humwuliza.

"Soma kada, soma masharti, soma ngazi ya mshahara. Salamu za mkurugenzi ruka."

Mwanzoni Mwamvua alidhani ni umbea tu wa kutaka kujua nani analipwa nini, na umbea haukumchukiza. Lakini ukisomewa kitu kilekile miaka na miaka, unaanza kukisikia kinavyotembea. Huko chini, ngazi za waopareta na wahudumu, masharti yalikuwa mafupi: cheti, uraia, tabia njema. Herufi ya mshahara ikipanda, toka B kuelekea D, masharti nayo yanaota miguu. Afisa huyu awe na leseni ya pikipiki. Afisa yule awe tayari kuendesha gari. Kazi yenyewe ni ya kuongea na watu, kuandika ripoti na kusuluhisha ugomvi, lakini mlangoni pameegeshwa pikipiki. Na chini ya kila tangazo, la mshahara mkubwa na la mdogo, sentensi ni moja: watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba.

"Tunahimizwa," Ruthu alisema siku moja, "kama mgeni anavyohimizwa kula wakati sufuria imeshaoshwa."

Mwamvua alicheka mpaka akamkosesha mteja hesabu ya kurasa. Kisha akairudia ile karatasi. "Ngoja kwanza. Ukurasa wa pili wana nafasi za madereva. Na lile la mwaka jana, si lilikuwa na madereva? Na la Bahi?" Akavuta mafaili kwenye kompyuta yake. Karibu kila tangazo lililomtaka afisa mwenye leseni lilikuwa linaajiri dereva pembeni yake. Ruthu akapiga meza kwa kiganja. Anawajua maafisa wa ofisi yake mmoja mmoja kwa mlio wa viatu. Tangu aajiriwe hajasikia hata mmoja akiwasha pikipiki.

Basi mwaka huu tangazo likatoka. Ofisi ileile, Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la Pili, ngazi ya mshahara TGS D. Shahada, anayo. Umri usiozidi miaka arobaini na mitano. Anayo yote, na mwakani itakuwa imezidi. Leseni ya pikipiki.

"Ndiyo ya mwisho hii," Ruthu akasema. "Nikikosa hii nitastaafu nikisema haloo."

Mwamvua aliacha utani. Akavuta stuli akakaa karibu. "Sikiliza mwenzangu. Buigiri tuiondoe. Andika tu shule ya msingi, wilaya ya Chamwino, basi. Wakiona Buigiri watajua kabla hujafungua mdomo, watakuhamisha tena kwenye simu zao. Ukiitwa usaili ndipo wakuone, hapo umeshafika."

Ushauri ulikuwa mzuri, na Ruthu alijua ni mzuri. Alikaa nao mpaka wateja wawili wakahudumiwa wakaondoka. Akakumbuka vidole vyake vya utotoni juu ya nukta za kwanza, na jinsi alivyolia kwa furaha siku nukta zile zilipogeuka kuwa jina lake.

"Pale ndipo nilipojifunza kusoma," akasema. "Nikiificha Buigiri, siku ya kwanza kazini nitaificha na fimbo. Iandike. Iandike herufi kubwa."

"Ukaidi wa Kigogo huu!"

"Andika, Mwamvua."

"Na leseni je? Mfumo haupokei maombi bila leseni."

"Piga picha leseni ya Denis."

Denis ni bodaboda wa Bahi, mtu mzima sasa mwenye watoto, na kila Jumamosi humchukua dada yake stesheni na kumpeleka kwenye vikundi vya akina mama wanaolima mpunga. Vikundi hivyo Ruthu anavilea bila kutumwa na mtu wala kulipwa, kwa sababu kazi uliyoisomea ikikosa mlango hupita dirishani. Aliposikia leseni yake inatakiwa, Denis alishtuka. "Dada, wakininyang'anya nitakula nini?" Ruthu akamwambia hawamnyang'anyi, maana barua itaeleza kila kitu. Na ilieleza: *Leseni hii ni ya Denis Chidawali, anayeniendesha. Naomba itazamwe kama zinavyotazamwa leseni za madereva wanaowaendesha maafisa wengine wa ofisi yenu.* Mwamvua aliichapa huku akitikisa kichwa, kisha akakataa malipo.

Akaitwa kwenye usaili. Mpaka leo haijulikani kama walikubali hoja yake au hakuna aliyeisoma barua. Kwa kuwajua, mimi naona ni hilo la pili.

Siku yenyewe Denis alimleta kwa pikipiki kutoka Bahi, kwa kuwa Ruthu alikuwa amelala huko, na alifika na vumbi mpaka kwenye kope. Akaketi kwenye benchi la korido. Benchi lilikuwa jipya, korido ileile, chai ileile. Kushoto kwake binti mmoja mdogo, Loisi, alikuwa akitetemeka hadi benchi linamtetemesha Ruthu naye. "Shikamoo mama," binti akasema. Ruthu akaitika, akampa peremende. Wasailiwa wakaitwa mmoja mmoja.

Halafu akavisikia viatu anavyovijua. Mkono ukamshika juu kidogo ya kifundo cha mkono, taratibu, kwa huruma ileile.

"Dada Ruthu," Bwana Sostenes akanong'ona, "njoo huku. Nimezungumza nao. Kuna nafasi ya msaidizi wa mapokezi, ngazi yako haipungui, na huko huna mpinzani. Hapa utajichosha tu, mama."

Mwili wake ulikumbuka kabla ya akili. Miguu ilitaka kunyanyuka. Kwa kweli ilianza. Ndipo ghadhabu ya miaka yote ikampanda, na akaona aibu kwamba miguu ilikuwa karibu kutii.

"Toa mkono, Bwana Sostenes."

"Nakusaidia tu..."

"Ulinisaidia mara moja. Nimeulipia msaada ule ujana wangu wote. Toa mkono."

Alisema kwa sauti ya swichibodi, ile iliyofunzwa kufika Mwanza kwenye waya mbovu. Mlango wa chumba cha usaili ukafunguliwa. Mtu akataka kujua kuna nini. Mkono wa Sostenes ulibaki pale kidogo, kama usiojua pa kwenda, kisha ukaachia.

"Hakuna kitu," Ruthu akajibu upande wa mlango. "Mimi ni Ruthu Chidawali. Nimeomba kada ya Afisa Maendeleo ya Jamii, nami nangoja zamu yangu. Sitahama kwenye benchi hili mpaka niitwe kwa kada hiyo."

Akaitwa. Aliingia na fimbo yake, akakitafuta kiti, akakipata. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya uchovu, mgeni kwa Ruthu. Karatasi zikafunguliwa.

"Leseni hii ina jina la mwanamume."

"Ni mdogo wangu. Yuko nje, na pikipiki yake. Nyinyi mna maafisa wangapi wanaojiendesha wenyewe?"

Mtu mmoja akakohoa.

"Nauliza kwa heshima, mama. Kwenye tangazo hilohilo, ukurasa wa pili, mnaajiri madereva. Kama afisa anajiendesha, dereva anamwendesha nani?"

Mtu wa pembeni akaanza kueleza kwamba utaratibu ni utaratibu. Mwenyekiti akamkatisha. Akageuza karatasi, akazirudisha, akavuta pumzi. Ruthu aliisikia kalamu ikiwekwa mezani. Sasa wangemwambia atoke, au wangemwuliza habari za simu.

"Kikundi cha akina mama," mwenyekiti akasema, "mweka hazina ni shemeji wa mwenyekiti, na wanachama wameanza kunung'unika. Utaanzia wapi?"

Ndilo swali alilokuwa amelisubiri tangu ujana wake, kwenye korido ileile. Akailaza fimbo magotini. Kisha akacheka, akaomba radhi kwa kucheka, akaanza kujibu. Alijibu juu ya akina mama wa Bahi, bila kuwataja majina, mpaka jopo likasahau kutazama saa.

Alipotoka, Bwana Sostenes alikuwa bado koridoni. Loisi alikuwa ameshaitwa. Mzee huyo, maana sasa ni mzee, alisimama mbali kidogo, mikono yake ameifunga nyuma.

"Matokeo yatatangazwa," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo: "Na ukikosa, dada?"

"Nikikosa nitakuwa nimekosa kwenye kada yangu. Kule kwingine nilipata, na unaona nilivyo."

Nje pikipiki ya Denis ilikuwa inanguruma. Kati ya Ruthu na mlango kulikuwa na ngazi mpya ambazo fimbo yake haikuzizoea, na sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa. Ruthu akasimama, akaunyoosha mkono wake hewani, akangoja.

"Nipe kiwiko," akasema.

Bwana Sostenes akasogea, akakikunja kiwiko chake vibaya, kama mtu anayebeba kuku. Ruthu akakinyoosha, akakishika anavyoshika yeye.

"Tangulia nusu hatua. Tunakwenda kwa Denis."