Dola ya Mama Mwenye Mtoto Mgongoni

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Lewisham, huku ughaibuni, sikuhadithiwa na mtu. Mke wangu yupo, muulizeni. Atawacheka kwanza, halafu atawaambia ni kweli.

Wakati huo nilikuwa na ugonjwa wa kukusanya dola za sarafu, zile za Kimarekani. Usiniulize kwa nini. Wenzangu walikusanya viatu. Jioni moja ya baridi, saa kumi tu na giza limeshaingia, nikaipata sokoni ile niliyoitafuta sana: rangi ya dhahabu, ina mwanamke mzawa wa kule, mtoto mgongoni, uso ameugeuzia begani. Nyumbani nilimwacha mke wangu na mwanetu mchanga, wamewasha hita ya gesi. Badala ya kurudi, nikaenda kituo cha basi ili nikamringie rafiki yangu wa Peckham.

Kituoni alisimama mama mmoja, amembeba mtoto kwa kanga. Kanga, kwenye baridi ile. Nikamwamkia kwa Kiswahili, akaitikia. Sasa, kwetu humwoni mtoto mchanga ukapita hivi hivi, lazima utoe hela ya sabuni. Nikapapasa mifuko: pasi ya basi na ile dola, basi. Niamini, iliniuma. Lakini uso wangu ningeuweka wapi? Nikamtilia mtoto kiganjani. Mkono ulikuwa baridi kama kijiko.

Mama akanigeukia juu ya bega, akasema taratibu, "Baba, wangu amelala. Wako amelala mno. Rudi."

Kufumba na kufumbua, hayupo. Na basi lilikuwa halijafika.

Nilikimbia mpaka mlangoni. Hita inawaka, madirisha yamefungwa, mke wangu yuko sakafuni, mtoto kifuani hatikisiki. Nikawaburuta nje kwenye baridi. Mke akakohoa. Mtoto kimya. Nikamwita, nikamsugua mgongo, kimya tu, halafu akalia. Sijapata kusikia kelele tamu kama ile. Nililia naye barabarani mbele ya majirani, wala sikuona haya.

Hospitalini wakasema ni sumu ya gesi ya ile hita. Nesi akamkunjua mtoto ngumi. Unadhani alikuta nini humo? Dola yangu, ina joto.

Leo mwanangu ni kijana mrefu, ananiuliza kwa Kiingereza tutaiuza bei gani. Haiuzwi. Katika albamu yangu nafasi yake iko wazi, na sarafu yenyewe iko chini ya mto wa kijana. Nawe ukimkuta mama na mtoto kituoni, usijitie unaangalia simu. Toa hela ya sabuni, kisha uende nyumbani kwako.