Mkonge Kwenye Kishamba cha Mama

Nimenunua kamba ya kufungia ng'ombe hapa Thika. Imeloa mvua, na harufu ya mkonge haitoki mikononi.

Nikiwa mtoto, tuliishi kwenye shamba la mkonge la mzungu, karibu na Ruiru. Mama alikuwa na kishamba cha mahindi, kwa kuwa wafanyakazi waliruhusiwa kulima chakula chao. Siku moja nyapara alileta mkokoteni wa miche ya mkonge.

"Mama, ng'oa mahindi," alisema, macho chini. "Wamarekani wameenda kupigana Korea. Meli zinataka kamba, bei imepanda."

"Korea ni wapi?"

"Hata mimi sijui."

Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Mama aliyang'oa mwenyewe, polepole. Sisi watoto tulitafuna mabua kama miwa, tukafurahi.

Mkonge huchukua miaka kukomaa. Ule wetu ulipofikia kukatwa, nyapara alirudi akasema vita vimeisha, kamba hazinunuliwi, tuuache hapo hapo.

"Basi niung'oe nipande mahindi?" mama aliuliza.

"Hapana. Mzungu anasema pengine watapigana tena kwingine."